Karela za Bristol
Nyumba yetu ya kwanza Bristol ilikuwa na ua usio na ua hata moja. Uani palitazama kaskazini, na katikati ulisimama mti mkubwa ambao Waingereza huuita sycamore (hauna undugu na mkuyu wetu), ukinyonya maji yote na kuacha udongo kama majivu. Mara mbili nilipanda airisi, zile zenye ndevu, zinazouzwa na picha ya ua la zambarau kwenye pakiti. Zilitoa majani kama panga, basi. Mwaka wa kwanza nikasema ni ugeni. Mwaka wa pili nikamlaumu muuzaji.

Jumamosi moja ya Oktoba jirani yetu, mzee mstaafu aliyezoea kunitazama dirishani kwake nikihangaika, akagonga mlango. Gambuti miguuni, ndoo mkononi.

"Zile hazitachanua," akasema, bila hata salamu.

Shina la airisi za ndevu hulala juu ya udongo kama tangawizi, na linataka kuchomwa na jua, saa sita kwa siku au zaidi. Kwangu jua lilikuwa likipita tu, likienda kwa watu.

Ndani ya ndoo mlikuwa na shada la majani ya kijani kilichokoza. Akakata ncha ya jani, akaifikicha, akanisogezea puani. Nyama! Nyama ya kuoka kabisa, ila iliyolala. Mume wangu akachungulia kuuliza tunapika nini, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Hii, akaeleza, ni airisi ya huku huku Uingereza, huota yenyewe vichakani na chini ya miti. Kilatini ni Iris foetidissima, yaani inayonuka mno. Akatuonya kuwa ni sumu, majani hadi mbegu.

Tulichimba pamoja tukikwepa mizizi ya mti. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini na sepetu hakuniachia.

"Imwagilie wiki hizi za mwanzo," akasema, "halafu isahau."

Kusahau ninakuweza. Juni iliyofuata haikutoa kitu. Juni ya pili ikachanua, na sitasema uongo, nilinuna: viua vidogo vya zambarau iliyopauka, vyenye mishipa mishipa, kama kanga iliyofuliwa miaka kumi.

Kumbe zamu yake ilikuwa Novemba. Miti imebaki mifupa, saa kumi jioni giza linaingia, nami niko uani nikiongea na mama kwa video. Maganda ya mbegu yalikuwa yamepasuka pande tatu, ndani mbegu za rangi nyekundu ya machungwa zimejipanga, zinang'aa.

"Mwanangu," mama akasema kutoka Tanga, "karela hizo umeziachaje mpaka zikaiva?"

Nikamwita mzee ng'ambo ya uzio aje azione karela zake. Ilibidi kwanza nimweleze karela ni nini: mboga chungu ya kwetu, ambayo ikiiva hupasuka na kuonyesha mbegu nyekundu.