Kumbukumbu ya mradi wangu: kuipata saini ya digrii 1 kwa njia ya al-Kashi

Januari

Jedwali la saini (sine, kipimo cha pembe katika trigonometria, si saini ya mkono) lililomo katika ziji, yaani kitabu cha majedwali ya falaki, ya Ulugh Beg, mtawala na mwanafalaki wa Samarkand katika Asia ya Kati, iliyokamilika huko mwaka 1437, linatoa thamani kwa kila dakika ya pembe hadi nafasi tano za mfumo wa sitini, na jengo hilo lote limesimama juu ya namba moja: saini ya digrii 1. Hiyo ndiyo namba ninayoitafuta katika mradi huu. Nimejiwekea sharti la kuitafuta kwa kalamu na karatasi, kwa kufuata njia ya Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi, mtu wa Kashan aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota cha Ulugh Beg na kufariki Samarkand mwaka 1429. Kompyuta inaruhusiwa kuhakiki tu, tena baada ya kila hatua kukamilika.

Kwanza kuhusu namna ya kuandika namba. Wanafalaki wa zama hizo walichora duara lenye nusukipenyo cha 60, si 1 kama tufanyavyo leo, na sehemu zote chini ya moja walizigawa kwa sitini, kisha kwa sitini tena, kama tunavyoigawa saa kuwa dakika na sekunde. Nitatumia nukta mkato kutenga namba kamili na sehemu zake, na mkato kutenga nafasi; kwa hiyo 1;2,50 ni 1 na 2/60 na 50/3600. Katika miswada yenyewe tarakimu hizo huandikwa kwa herufi za abjadi, na aliyewahi kufundishwa hesabu ya abjadi hatashangaa kuikuta 49 ikiwa mimu na twaa zilizoungana.

Kazi ya mwezi huu imekuwa ya kuchosha mkono tu: kuandaa jedwali la kuzidisha kuanzia 1 hadi 59. Sioni njia ya kulikwepa. Mtu anayezidisha 49 kwa 49 mara kwa mara, na kila mara akalazimika kugeuza 2401 kuwa 40,1 (yaani 40 mara 60, na 1), atachoka kabla hajafika popote, na ndiyo maana vitabu vya hesabu vya wakati ule, ukiwemo Miftah al-hisab wa al-Kashi mwenyewe wa mwaka 1427, vinaitendea hesabu ya sitini kama elimu kamili yenye kanuni zake.

Februari

Kabla ya digrii 1 lazima ipatikane digrii 3. Pembetano na pembetatu zilizochorwa ndani ya duara hutupa pembe za digrii 72 na 60. Tofauti yake ni 12, nusu yake 6, na nusu ya hiyo ni 3. Kila hatua katika safari hiyo ni ya kipeuo cha pili, jambo linalowezekana kwa rula na bikari, na kwa uvumilivu mtu huifikisha saini ya digrii 3 kwenye usahihi wowote autakao. Yangu, ambayo mashine imeikubali, ni 3;8,24,33,59,34,28.

Hapo njia ya kale inakwama. Kutoka 3 kwenda 1 ni kuigawa pembe kwa tatu, na ugawaji huo kwa ujumla hauwezekani kwa rula na bikari, ingawa uthibitisho wa jambo hilo ulikuja kwa mwanahisabati Mfaransa Wantzel mwaka 1837. Ptolemy, mwanafalaki wa kale wa Aleksandria, katika kitabu chake Almagest, alilizunguka tatizo kwa werevu: alionyesha kwamba ugwe wa digrii 1 (mstari mnyoofu unaounganisha ncha mbili za tao la digrii 1) umebanwa kati ya theluthi mbili za ugwe wa digrii 1½ na theluthi nne za ugwe wa robo tatu ya digrii, na kwa kuwa mipaka hiyo miwili inakubaliana katika nafasi alizozihitaji, akaandika 1;2,50 na kuendelea na safari. Namba hiyo ilimtosha. Udhaifu wake ni kwamba nafasi kati ya mipaka hiyo miwili haipungui hata ukiongeza tarakimu. Ukitaka usahihi zaidi, sharti utafute pembe nyingine za karibu zaidi na kuanza upya.

Machi

Hii ndiyo sehemu iliyonivuta kwenye mradi. Al-Kashi hakutafuta mipaka. Alichukua uhusiano wa saini ya pembe na saini ya pembe iliyo mara tatu yake, ambao ni mlinganyo wa kipeo cha tatu, akaupanga hivi: namba tunayoitafuta ni sawa na kipeo chake cha tatu, kikijumlishwa na saini ya digrii 3 iliyozidishwa kwa 900, kisha jumla yote ikagawanywa kwa 2700. Namba isiyojulikana imo pande zote mbili, na mtu angedhani ni mzunguko usio na mwisho. Lakini kipeo hicho cha tatu ni kidogo mno mbele ya 2700, hivyo hata ukikikadiria ovyo, jibu linatoka karibu sahihi. Unalichukua jibu hilo, unalirudisha ndani, na linalofuata linakuwa sahihi zaidi.

Njia hii tunaifahamu kupitia wafafanuzi waliomfuata, hasa Miram Çelebi, aliyeieleza katika ufafanuzi wake wa ziji ya Ulugh Beg mwaka 1498.

Katika mfumo wa sitini 2700 ni 45,0, na saini ya digrii 3 mara 900 ni 47,6;8,29,53,37,3. Ukigawa hiyo ya pili kwa ya kwanza unapata tarakimu ya kwanza, 1. Kipeo cha tatu cha 1 ni 1. Kijumlishe, gawa tena, na tarakimu ya pili ni 2. Kwa 1;2 inapatikana 49. Mzunguko unaofuata nauandika kwa kirefu, kwa kuwa ndipo mkono unapoanza kuuona uzito wa kazi. Kipeo cha pili cha 1;2,49 ni 1;5,45,56,1. Ukikizidisha tena kwa 1;2,49 unapata 1;8,51,10,23,46,49. Ukijumlisha hiyo na 47,6;8,29,53,37,3, na kuishia nafasi ya tano, unapata 47,7;17,21,4,0,49. Gawa kwa 45,0: 1;2,49 zinarudi zilivyokuwa, na nyuma yake inatokea tarakimu mpya, 43.

Nimeendelea hadi 1;2,49,43,11,14,44 na kusimama hapo. Al-Kashi aliendelea mbele zaidi, akaifikisha thamani yake kwenye usahihi unaozidi tarakimu 15 za desimali.

Kilichonistaajabisha ni kwamba tarakimu zilizokwisha kupatikana hazikuwahi kubadilika. Sababu yake inahesabika. Kosa dogo katika makadirio hutoka kwenye mzunguko likiwa limegawanywa kwa takriban 820, ilhali nafasi moja ya mfumo wa sitini inadai ligawanywe kwa 60 tu. Kila mzunguko basi unazalisha zaidi ya unavyodaiwa, na anayeokota tarakimu moja moja ana akiba mkononi. Kwa maoni yangu huo ndio ustadi wenyewe: mlinganyo ulijulikana, ila kuupanga ili uzae tarakimu kwa zamu, bila kufuta chochote, ni kazi ya mtu aliyekwisha kukaa sana na hesabu za mkono.

Aprili

Nimeanza kujenga jedwali. Kwa saini ya digrii 1 na kanuni za kujumlisha pembe, digrii zote hadi 90 zinapatikana; kwa kugawa nusu mara mbili, napata pia kila dakika 15. Ndani ya dakika hizo 15 nitakisia thamani za kati, na hapa kukisia kwa mstari mnyoofu hakutoshi: karibu na digrii 90 kosa lake linafika 0;0,0,31, ambalo linaharibu nafasi ya tatu wakati jedwali linataka tano. Ni lazima kutumia tofauti za pili, yaani tofauti za zile tofauti, kama alivyofanya mwanafalaki al-Biruni katika kitabu chake cha Qanun karne nne kabla ya Samarkand.

Kuna anayeweza kuuliza usahihi wote huo ni wa nini, wakati chombo kikuu cha kupimia pembe za nyota huko Samarkand, chenye nusukipenyo cha mita 40 hivi, kiliipa dakika moja ya tao upana wa milimita 11 na kitu tu. Naona jibu liko kwenye mnyororo wa hesabu: mahali pa sayari hupatikana kwa kupitia majedwali kadhaa, na kila jedwali huongeza kosa lake juu ya lililotangulia, hivyo jedwali la msingi lazima liwe safi kuliko jicho. Fahari ya kasri nayo haikukosekana, nadhani.

Safu za digrii 0 hadi 5 zimekamilika katika lahajedwali, pamoja na tofauti zake za pili kwenye safu ya pembeni. Zikifika 45 nitaanza tanjenti.