Ukikiondoa, nini kinaanguka?

Mhandisi, mwalimu wa kemia, mshairi na afisa utumishi wote huzungumzia muundo, na kila mmoja huutaja kana kwamba ni mali ya fani yake peke yake. Ninapowasikiliza huwapima kwa swali moja: ukiondoa au ukibadilisha sehemu hii, nini kinaanguka?

Katika majengo swali hili halina mzaha. Maghorofa mengi ya Kariakoo husimama kwa nguzo na mihimili ya zege yenye nondo, inayouteremsha mzigo hadi kwenye msingi, ilhali matofali yanayojazwa katikati hugawa nafasi tu. Ndiyo maana mwenye duka anaweza kubomoa ukuta wa aina hiyo na kuunganisha fremu mbili bila sakafu ya juu kutetereka. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, enzi ya Sultani Majid, ni kinyume chake, kwani pale ukuta wenyewe ndio unaobeba boriti za dari. Anayetazama ukuta bila kujua kilicho juu yake hawezi kusema kama ni sehemu ya muundo au ni kizuizi tu. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu lilitufanya hata sisi tusio wahandisi tuanze kuuliza nani anabeba nini.

Kemia hulijibu swali hili kwa ufupi. Almasi ya Mwadui na grafiti ya penseli zote ni kaboni. Katika almasi kila atomu imeshikana na nne nyingine pande zote, na katika grafiti imeshikana na tatu katika tabaka bapa, na matabaka hayo huteleza juu ya karatasi tunapoandika.

Ninakokaa zaidi ni kwenye ushairi. Katika shairi la kimapokeo lenye mizani 16 kwa kila mshororo, nane kila kipande, ukiweka “leo” mahali pa “sasa” katikati ya kipande, mizani haipungui wala haizidi na msikilizaji hashtuki. Ukifanya hivyo mwishoni mwa kipande, umevunja kina na ubeti mzima unachechemea. Neno ni lile lile, mzigo ndio tofauti. Katika mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, wanamapokeo walidai kwamba pasipo vina hakuna shairi. Mimi naona walitafuta nguzo mahali pamoja tu, kwa maana shairi huru zuri huegemea marudio na mahali mstari unapokatwa, na lile bovu unaweza kulipunguza mistari mitano bila yeyote kugundua.

Utawala ndiko mchoro wa ngazi za uongozi hudanganya zaidi. Tangu vyama vingi virejee mwaka 1992, mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, na katika ngazi rasmi za serikali, kuanzia mtaa hadi kata na halmashauri, hayumo. Hata hivyo, katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, mpangaji mgeni anayefuata barua ya utambulisho kwenye ofisi ya serikali ya mtaa bado huulizwa kwanza kama mjumbe wake anamfahamu, na asipokuwa na jibu, hurudishwa akamtafute.