Nilivyoenda South Bend kuitafuta Studebaker

Nilifika South Bend nimechelewa lisaa lizima na treni wala haikuchelewa. Ndo hivyo, ukitoka Chicago kuelekea kule Indiana kuna sehemu saa inaruka mbele, mimi nilimwambia mwenyeji wangu nafika saa tano nikimaanisha saa tano ya kwetu Chicago, yeye akahesabu saa tano ya kwao, kwahiyo natoka pale stesheni namkuta kakaa kwenye gari kavuta mdomo. Ni Mkenya, mtu wa Kisumu, tulifahamiana kazini zamani kabla hajahamia huku. "Buda, nimemaliza kahawa mbili nikikungoja, na yote ni juu ya magari ya watu walikufa?"

Ndio, yote ni juu ya hayo magari. Mwaka juzi nilikuwa najaza mafuta nikaona gari imepaki pembeni, haina grili mbele, pua imechongoka, ubavuni imebonyea kama chupa ya soda, nikajua tu hii ni gari ya miaka ya 80 ya Kizungu fulani ya matajiri. Namuuliza mwenyewe, ananiambia Avanti ya 1963. Sabini na tatu? Hapana, sitini na tatu. Kampuni gani? Studebaker. Mimi nimekulia gereji ya mjomba, nikiona taa ya nyuma tu nakutajia gari na mwaka, hilo jina nilikuwa silijui kabisa, iliniuma hiyo.

Basi tukaenda makumbusho ya Studebaker moja kwa moja, ipo hapo hapo mjini, maana magari yao yalikuwa yanatengenezwa hapo South Bend. Ukiingia kitu cha kwanza unakutana na mikokoteni, magari ya farasi, na mwenzangu akaanza, "si ulisema magari?" Sasa hapo ndo penyewe. Hawa jamaa walianza 1852, ndugu wawili Henry na Clement, wahunzi, wamefungua kibanda cha kufua vyuma wakiwa na dola 68 mfukoni. Kulikuwa na mdogo wao, John, huyu alienda California wakati watu wanakimbilia dhahabu, lakini alipofika huko hakuchimba, akawa anawatengenezea wachimbaji matoroli, wakampachika jina kabisa la John wa Matoroli, na 1858 akarudi nyumbani na dola 8,000. Wachimbaji wangapi walirudi na hela kama hiyo sijui. Akanunua sehemu ya kampuni ya kaka yake Henry, ambaye ni mtu wa dhehebu lisilotaka vita na roho ilikuwa inamsuta kuona mikokoteni yao inaenda jeshini. John yeye hakuwa na hiyo shida. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza serikali ikanunua mikokoteni kwao, na baadaye wakawa ndo watengenezaji wakubwa wa magari ya farasi duniani.

Halafu pale pembeni, kimya kimya, kuna gari la farasi jeusi, ngozi ya kiti imechakaa, hatua ya kupandia imelika katikati. Nikalipita. Mwenzangu ndo akanivuta, soma hapa. Ni gari alilopanda Rais Lincoln usiku ule anaenda kwenye tamthilia akapigwa risasi. Hawakulitengeneza Studebaker, Clement alilinunua baadaye kama kumbukumbu, lakini aisee nilisimama pale nikiangalia kile kidaraja tu, mguu wake ulikanyaga hapo.

Magari ya injini tuseme walichelewa kidogo lakini hawakulala. 1902 walianza na ya umeme, ndio, ya umeme, mnaojidai na Tesla mjue, na mmoja wa wateja wa mwanzo ni Thomas Edison. Miaka miwili baadaye ya petroli. Kwa hiyo ni kampuni chache sana za farasi zilizovuka kuingia enzi ya gari, nyingi zilizikwa na farasi wao.

1933 wakaanguka kweli, kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na rais wake Albert Erskine akajiua mwaka huo huo. Yeye alikuwa anaendelea kugawa gawio kubwa kwa wenye hisa wakati mauzo yanaporomoka, shikilieni hiyo nitairudia. Wakafufuka. Vita ya Pili wakatengeneza malori ya US6 karibu laki mbili na mengi yakapelekwa kwa Wasovieti, madereva wa kule walikuwa wanaiita Studer, na roketi za Katyusha nyingi zilifungwa juu ya hayo malori. Yaani gari la Indiana limeingia Ulaya ya mashariki likiwa limebeba roketi za Stalin.

Tulipofika kwenye gari la 1950 nikasikia mtu nyuma yetu anacheka. Mzee mmoja anayejitolea pale, kavaa fulana ya kufumwa na beji ya jina. Hilo gari pua yake ni kama ya ndege, duara katikati ya uso, unabaki unatafuta panga boi iko wapi. Na ile kupe ya milango miwili kioo chake cha nyuma kimezunguka mpaka ubavuni, mzee akatuambia enzi zile utani wa mtaani ulikuwa, hii gari inakuja au inaenda? Nikamwambia mzee, 1950 ndo mlikuwa juu kabisa eh? Akasema ndio, hatukuwahi kuuza kama mwaka ule. Akanyamaza kidogo akasema, na ndo mwaka tuliokuwa tunakufa.

Hapo nikamwelewa kuliko maandishi yote ya ukutani. Hela ilikuwepo. Ila kiwanda kilikuwa cha zamani, maghorofa katikati ya mji, bodi za magari zinapandishwa zinashushwa, wenzao wakubwa wa Detroit wana viwanda vipya na wanauza mamilioni, kwahiyo gari moja linawatoka kwa bei ndogo zaidi. Mishahara ya South Bend ilikuwa juu kuliko kwa wenzao, uongozi uliogopa mgomo kuliko ulivyoogopa hasara. Na faida badala ya kwenda kwenye mashine mpya ikaenda kwa wenye hisa. Erskine kafa 1933, tabia yake haikufa. 1953 Ford na Chevrolet wakaanza kupigana kwa bei, kila mmoja anataka kuwa namba moja, na tembo wawili wakipigana unajua nyasi ni nani.

1954 wakaungana na Packard, hiyo nayo ilikuwa gari ya heshima ya Detroit. Watu wa Packard walikuja kugundua baada ya ndoa kwamba magari ambayo Studebaker inabidi iuze kwa mwaka ili isile hasara ni mengi mno kuliko walivyoaminishwa. Kufikia 1958 Packard ya mwisho ilikuwa ni Studebaker iliyovalishwa nguo, na jina likafa hapo. Mimi naona Packard ilionewa, mwenzangu anasema ilikuwa inazama tayari, tukabishana mpaka mzee akatuacha akaenda kuongea na familia nyingine.

Avanti wanayo. Nikaizunguka mara tatu. Rais mpya wa kampuni Sherwood Egbert alitaka kitu cha kushtua watu, akamwita mbunifu Raymond Loewy, vijana wake wakajifungia kwenye nyumba jangwani kule Palm Springs wakaichora kwa wiki chache tu, bodi ya faibaglasi, breki za diski mbele wakati Wamarekani wengi bado wako kwenye dramu. Nikainama kuangalia mishono ya milango maana nilishasikia, bodi zilikuwa zinatengenezwa nje na za mwanzo zikawa hazikai sawa, kioo hakifungi, mlango haulingani, wateja walioweka oda wakasubiri wakachoka wakaenda kununua kwingine. Zikatoka pungufu ya 5,000. Gari zuri kuliko yote waliyowahi kuunda na halikuwasaidia kitu.

Tarehe 9 Desemba 1963 wakatangaza wanafunga South Bend. Wiki mbili na kidogo kabla ya Krismasi, nchi bado ina msiba wa Rais Kennedy. Gari la mwisho likatoka tarehe 20. Uzalishaji ukabaki Kanada, Hamilton, ukasogea mpaka Machi 1966 na huko nako basi. Kampuni yenyewe lakini haikufa bhana, ilikuwa na biashara nyingine kibao, ile dawa ya STP ya kuweka kwenye injini ilikuwa yao, walichoua ni magari na watu wa magari.

Yule mzee akarudi. Akatoa funguo mfukoni, kwenye kile kipete cha funguo kuna beji ya shaba ya duara, imesuguliwa mpaka namba zinaonekana kwa shida. Beji ya kazini ya baba yake, ya pale kiwandani. Baba yake alikuwa na miaka 57 wakati wanafunga. Sasa sikia hii: mfuko wa pensheni haukuwa na hela ya kutosha, kwahiyo waliofikisha 60 na waliostaafu tayari wakalipwa chao chote, wa 40 mpaka 59 kama watu 4,000 wakapewa kama senti 15 kwenye kila dola waliyostahili, na waliobaki hawakupata hata senti. "Miaka mitatu," mzee akasema, anaizungusha ile beji kidoleni, "alikuwa anahesabu kila siku mezani, miaka mitatu tu."

Nikamkumbuka baba yangu. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi jina tuliache, kilipofungwa aliweka karatasi za mafao kwenye mfuko wa Rambo juu ya kabati, na kila baada ya miezi kadhaa anaushusha anaupangusa vumbi anavaa shati la mikono mirefu anaenda mjini, jioni mfuko unarudi juu ya kabati. Sikumwambia mzee hilo, sijui kwa nini. Nilimwambia pole tu, na "pole" haina Kiingereza chake kwahiyo nikasema kwa Kiswahili.

Kile kisa cha South Bend ndo kilipigiwa mfano miaka yote mpaka bunge lao likapitisha sheria ya kulinda pensheni 1974. Na rais aliyeisaini anaitwa Ford. Mzee huo mzaha ameusema mara nyingi, inaonekana, maana aliutoa bila kucheka.

Kabla ya treni mwenzangu akasema twende nje ya mji, kuna msitu. 1926 Studebaker walifungua huko eneo la kujaribia magari, na 1938 ikapandwa misonobari ikiandika STUDEBAKER, herufi kubwa, karibu nusu maili, isomeke ukiwa juu kwenye ndege. Kwenye simu kwa setelaiti tuliiona vizuri kabisa. Tukapaki, tukaingia kwa miguu, na ukiwa chini hakuna herufi yoyote ni miti tu, baridi, sindano za misonobari zinaingia kwenye viatu, mtandao ukakata kile kidoti cha buluu kikaganda. Mwenzangu anasema tupo kwenye B. Mimi nasema hii kona hii ni K. Tukabishana pale kama dakika kumi, saa ya kwao au ya kwetu sijui, mpaka akakumbuka treni.