Tundu la Nne

Stendi ya vyuma ya kaka yangu ilikaa uani kwetu Igogo, katikati ya majabali mawili, kwenye kipande cha sakafu ambacho marehemu baba alikimwagia zege kwa mikono yake. Mwanza ukijenga mlimani unajenga pale jiwe linapokuruhusu, na jiwe letu liliruhusu kama mita tatu kwa mbili. Hapo hapo tulianika nguo, hapo mama aliweka jiko lake la mkaa, na jua likizama nyuma ya ziwa, kaka alibeba vyuma hapo.

Nami nilitaka kubeba. Mwaka huo, 2017, nilikuwa nauza dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, kazi ambayo kutwa nzima ni kuinama: unafungua gunia, unapima kwa ndoo, unafunga, unasogeza. Kiuno kilishaanza kunisumbua, nikaambiwa nikiupa mgongo nguvu nitapona. Nilijaribu jimu moja ya mjini. Mwalimu alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipa vyuma vya rangi vya kilo 2, akasema kwa umbo langu vinanitosha. Nina urefu wa sentimita 147. Sikurudi.

Basi nikahamia kwa kaka. Vifaa vyake vilikuwa vya kienyeji: bomba la maji la inchi moja, na makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, yametobolewa katikati. Kopo la namna hiyo likijaa hukaribia kilo 10. Stendi zilikuwa nguzo mbili za skwea paipu, kila moja na ndoano yake juu, zimechomelewa moja kwa moja kwenye urefu wa sentimita 132. Kaka akisimama, ndoano zilimfika chini kidogo ya bega. Aliingia chini ya bomba, akakunja magoti kidogo, akanyooka, bomba likatoka. Mimi nikisimama, bomba lilinifika puani.

Kwa hiyo nilipanda tofali. Moja chini ya kila mguu, na hapo bado nilisimama kwa vidole ili bomba liruke ulimi wa ndoano. Kisha nashuka kinyumenyume, huku zege linaning'inia pande zote mbili, natafuta sakafu kwa unyayo. Nilifanya hivyo wiki sita. Nilijua ni hatari. Lakini nilijua pia kwamba kiuno kimeacha kuniuma, na hilo ndilo lililonirudisha pale kila jioni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzoni mwa Desemba. Mama alikuwa anaparua sato pembeni. Nilikuwa na makopo mawili kila upande, nimemaliza skwati ya tano, yaani kuchuchumaa na kusimama na bomba mabegani, narudisha. Mguu wa kushoto ukapanda. Wa kulia ukakanyaga ukingo wa tofali, tofali likapinduka. Nilisikia upande wa kulia wa bomba ukigonga nguzo kwa nje badala ya kukaa kwenye ndoano, halafu kila kitu kikaenda. Bomba liliteremka mgongoni kwangu, likanichuna mkono kuanzia kiwiko hadi kiganjani, kopo likapasuka sakafuni. Kipande cha zege kilitua kwenye beseni la samaki.

Mama alisimama na kisu chake mkononi, magamba yamemjaa hadi viwikoni. Hakunipigia kelele mimi. Alimgeukia kaka: "Unataka nimzike mwanangu?"

Usiku kaka alikuja kukaa mlangoni kwangu. Alikuwa ameumia kuliko mimi. "Mdogo wangu, tuache tu," aliniambia. "Vitu hivi havikutengenezwa kwa saizi yako." Alisema kwa huruma. Lakini nilikaa na maneno hayo usiku kucha, mkono unawaka moto, na kadiri nilivyoyageuza ndivyo nilivyoona yana jibu ndani yake. Mzee aliyezitengeneza stendi zile yuko hai, yuko Nyakato, na ana mashine ya kuchomelea.

Jumatatu tukapakia nguzo kwenye toyo. Njiani kaka, labda kwa kutaka kunituliza, alinionyesha kwenye simu picha za Naim Süleymanoğlu, yule Mturuki mnyanyua vyuma, aliyekuwa amefariki mwezi uliotangulia. Sentimita 147. Nilimwambia arudie kusoma. Sentimita 147, kama mimi, na kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, katika uzani wa kilo 60, alipandisha kilo 190 juu ya kichwa. Zaidi ya mara tatu ya uzito wake mwenyewe. Sikuwa na ndoto ya kufika Olimpiki, lakini nilimtazama yule mtu hadi toyo ilipofika Mabatini.

Fundi alikuwa mzee wa Kisukuma, mpole, miwani yake ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mayo," yaani mama. Aliutazama mkono wangu wenye bandeji, akazitazama nguzo, akamtazama kaka.

"Hizi nilikupima wewe," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe sikukupima."

Akatoa tepu mfukoni. Alinisimamisha ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta, akachora mstari wa chaki usawa wa kwapa langu na mwingine pale ambapo chuma hukaa mgongoni. Akaniambia nishike ufagio mabegani kama ndiyo bomba, nichuchumae mpaka mwisho wangu. Nilikuwa nimevaa kitenge. Vijana wake wawili waliacha kazi wakaanza kucheka chinichini. Mzee hakupandisha sauti. Aliwaambia tu, "Njooni mshike tepu," wakaja, na kuanzia hapo hakuna aliyecheka kwa sababu walikuwa wanahesabu. Alipima kutoka sakafuni hadi ufagio nikiwa chini kabisa, akatoa upana wa vidole viwili.

"Hapa," alisema, "nitakuwekea mikono miwili ya kupokea chuma. Ukishindwa, unakaa chini, chuma kinabaki kwenye mikono, wewe unatoka."

Kaka alidhani ndoano zitakatwa zichomelewe chini. Mzee alikataa. Aling'oa zile za zamani kwa grainda, akakata vipande vifupi vya paipu pana zaidi vinavyovaa juu ya nguzo kama soksi, akachomelea ndoano kwenye vipande hivyo. Halafu akatoboa nguzo, tundu moja kila baada ya sentimita tano, la kwanza sentimita 97 kutoka chini. Soksi inapanda na kushuka, bolti ya nusu inchi inapenya upande hadi upande, nati inakaza. Tundu la nane ni sentimita 132, la kaka. Langu lilikuwa la nne, sentimita 112, chini kidogo ya kwapa. Nilimwuliza kwa nini asiweke usawa wa bega kabisa. Akanijibu kwamba chuma kinatakiwa kikungojee chini kidogo, unyooke nacho. Kikiwa juu yako unakifuata kwa vidole, na hapo umeshapotea.

Ndipo akaliona bomba. Aliniambia nilikamate, akakitazama kidole gumba changu. Hakikufika kwenye vidole vingine. Bomba linaloitwa la inchi moja, ukipima kwa nje ni milimita 33, na kiganja changu ni kidogo. Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba chuma rasmi cha wanawake kina unene wa milimita 25 na cha wanaume 28, nikamkumbuka. Yeye hakuwa amesoma popote. Aliingia nyuma ya karakana akatoka na shafti laini ya inchi moja, akaikata mita 1.8. Kilo 7 hivi. Niliifumbata, kidole gumba kikalala juu ya vile vingine. Kwa wiki sita nilidhani mikono yangu ni dhaifu.

Benchi la kaka, ambalo miguu yangu ilikuwa inaning'inia nikilala, alituambia tusiliguse. Ukilikata limekatika. Pandisheni sakafu. Akatupatia mbao mbili pana za kuweka chini ya nyayo zangu. Hata kwenye mashindano ya kusukuma chuma ukiwa umelala benchi, wafupi wanaruhusiwa kuwekewa vibao. Mbao nyingine tulizitumia kwa kunyanyua kutoka chini: kopo la lita 4 lina kimo kidogo, ukiliacha sakafuni unainama mno na mgongo unapinda. Mbao mbili za inchi 2 chini ya kila kopo zilinitosha mimi. Kaka huweka tatu.

Pesa ilikwenda, sitaficha. Ilikuwa faida yangu ya dagaa ya karibu wiki mbili. Nilipomlipa nilimwambia "Wabeja sana, baba," kwa Kisukuma changu kibovu, naye akacheka kwa furaha.

Jioni ile mama alihamisha jiko hadi nyuma ya jabali, akasimama anatazama. Nilitia kopo moja tu kila upande. Niliingia chini ya chuma, nyayo zote mbili kwenye zege la baba, visigino chini. Nikanyooka. Chuma kikatoka kwenye ndoano bila kelele. Nilirudi hatua mbili nyuma, nikashuka, nikapanda, nikashuka tena, mara tano, nikatembea mbele hadi niliposikia chuma kimegusa nguzo pande zote mbili kwa pamoja, nikakunja magoti kidogo, kikakaa.

"Tena," mama alisema.

Kaka alipokuja kupandisha ndoano kwa zamu yake, nilimzuia kwanza. Niliingia ndani nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikazungushia tundu la nne kwenye nguzo zote mbili ili gizani nisihesabu.