Kushua na Kupakia Boti kwa Trela Kwenye Pwani ya Maji Yanayojaa na Kupwa

Boti ya faiba ya mita 5 au 6, ikiwa na mashine yake, mafuta na nanga, hukaribia tani moja, na kwa sababu hiyo wengi wetu tunaovuta boti kwa gari hapa pwani tumezoea kuita vijana sita wa kusukuma kabla hata hatujatazama maji yako wapi. Mimi nashikilia kwamba kusukuma ni dalili ya kuwa jambo fulani lilikwisha kuharibika mapema, na mara nyingi jambo hilo ni saa iliyochaguliwa au kina ambacho trela limeingizwa.

Nianze na saa. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Mombasa na Unguja hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kujaa huangukia karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, huku kupwa kukiwa karibu saa nne. Anayefika na trela lake saa nne ya asubuhi ya bamvua atakuta mteremko wa saruji wa kuteremshia boti umekwisha na mbele yake kuna tope na mawe tu. Siku za maji mafu, yaani katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka: saa nne maji huwa yamejaa, ingawa tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu, na kwa maoni yangu hizo ndizo siku bora kwa mtu anayejifunza, kwa kuwa mteremko haubadiliki sana kati ya kutoka na kurudi.

Tena maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya tatu na ya nne huchukua karibu nusu ya mshuko wote, kwa hiyo bamvua ya mita 3.2 hushuka takriban sentimita 80 ndani ya saa moja, na kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita 8, ukingo wa maji husogea zaidi ya mita 6 wakati wewe bado unatafuta kamba. Mafundi wa majahazi wanajua tangu zamani jinsi bamvua inavyopanda juu, ndiyo maana chombo kipya husubirishwa juu ya magogo yake hadi bamvua ifike.

Maandalizi yote yafanyike juu, mbali na mteremko, ambapo humzuii mtu: mikanda ya nyuma ifunguliwe, kizibo cha kutolea maji kikazwe, mashine inyanyuliwe, na waya wa taa za trela uchomolewe. Mkanda wa winchi, yaani kifaa cha kuzungusha kinachovuta boti juu ya trela, peke yake ubaki umefungwa kwenye omo, yaani mbele ya boti, mpaka boti ielee, hasa ikiwa trela lako lina mbao za kubebea boti zilizopigiliwa vipande vya plastiki badala ya zulia, kwa maana plastiki ikilowa boti huteleza yenyewe na kuangukia saruji. Muda huo wa maandalizi una faida nyingine, kwani beringi za magurudumu hupata kupoa: zilizopata moto barabarani zikizamishwa papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa na kunywea, ikafyonza maji ya chumvi kupitia sili, yaani mpira wa kuzuia maji, na grisi ikaharibika.

Kurudisha trela nyuma kunawatesa watu bila sababu kubwa. Weka mkono mmoja chini ya usukani, kisha usogeze upande unaotaka nyuma ya trela iende. Nenda polepole, na trela likianza kujikunja simama, vuta mbele kidogo, anza upya. Trela fupi hujikunja upesi kuliko refu. Sehemu ya chini ya mteremko huota mwani unaoteleza kupita kiasi, hivyo magurudumu ya gari yabaki kwenye saruji kavu ikiwezekana, na mtu awe tayari na jiwe au kabari.

Kina ndicho kinachoamua mengine yote. Wakati wa kushua, yaani kuteremsha boti majini, ingiza trela mpaka shetri, yaani nyuma ya boti, ianze kunyanyuliwa na maji, si zaidi. Wakati wa kupakia, kosa linaloonekana kila siku ni kulizamisha mno, kwa imani kwamba maji mengi ni nafuu; boti basi huelea huku na huku juu ya trela, mkondo wa hori huisukuma kando, na gari linapovuta, boti hukaa upande. Zamisha mbao zilowe, kisha vuta mbele hadi thuluthi ya mbele ya mbao hizo iwe nje ya maji, na omo itakuja kukaa mahali pake kwa mizunguko michache ya winchi. Trela la rola, yaani lenye magurudumu madogo ya kubebea boti badala ya mbao, husamehe zaidi pale mteremko ulipo mdogo au maji yalipopungua, lakini mbao hubeba mwili wa boti vizuri zaidi njiani.

Kitu cha bei ndogo kilicho na faida kubwa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni nguzo mbili za mabomba ya plastiki zilizosimamishwa nyuma ya trela, kila upande moja. Trela likizama hulioni tena, na upepo wa kusi ukikupiga ubavuni, nguzo hizo ndizo zinazokuonyesha njia. Endea trela ukielekea mkondo unakotoka, ili usukani uendelee kukutii hata kwa mwendo mdogo. Wako wanaopandisha boti kwa nguvu ya mashine. Jambo hilo huchimba mchanga chini ya mwisho wa saruji, na shimo linalobaki humeza magurudumu ya mwenye trela anayefuata.

Winchi yenyewe iwe na mkanda badala ya waya wa chuma, ambao ukishika kutu hutoa miiba na ukikatika hupiga kama mjeledi. Hata ukiwa na mkanda, asisimame mtu kwenye mstari wake. Boti ikishatoka, fungua kizibo maji yatoke, kaza mikanda ya nyuma, kisha osha trela lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ukianzia kwenye breki na springi, ambako chumvi hula chuma kwanza.