Kinyama cha mzee

Nimetoka wodini sasa hivi. Mzee amelala, anakoroma kama kawaida yake.

Mwezi uliopita alipigwa kamera ya tumbo kwa sababu ya kiungulia tu. Wakakuta kidoa chekundu, wakachukua kinyama kidogo cha kupima. Majibu: saratani, ila changa, bado iko kwenye utando wa ndani wa tumbo.

Mimi nilishaanza kuwaza tumbo kukatwa nusu. Kumbe leo hawajampasua hata kidogo!

Wamepitisha mpira wa kamera mdomoni, wakadunga maji chini ya kidoa hadi kikainuka kama lengelenge, kisha wakakichonga taratibu kwa kisu kidogo cha umeme. Imechukua saa mbili na ushee. Bango la kunawa mikono nimelisoma mpaka nimelikariri.

Halafu daktari akanionyesha.

Kinyama chenyewe kimetandazwa juu ya kibao, kimebanwa kwa pini pande zote kama ngozi iliyowambwa. Anasema wakikiacha hivi hivi kitajikunja, na maabara wanataka kuona kingo zake ziko safi na saratani imezama kiasi gani.

Kadogo vile! Nimekakodolea macho hadi nesi akanigusa bega.

Sasa tunangoja majibu. Kidonda cha ndani kitachukua wiki kadhaa kufunga, ana vidonge vya kupunguza asidi, na kamera atarudia.

Kuna aliyepitia haya? Mlingojaje? Niandikieni, usingizi sina.