Mguu umekua, goti bado: milimani na watoto wanaobalehe

Mtoto wa miaka 9 akichoka anakaa chini, analia kidogo, anapewa andazi, safari inaendelea. Wa miaka 13 hakai. Ananyamaza, anashusha kofia usoni, anabaki nyuma mita hamsini, na ukimuuliza kama kuna tatizo anajibu "hamna". Hapo ndipo familia nyingi huacha kutembea pamoja, wazazi wakiamini kijana amechoshwa na milima. Mara nyingi milima haina kosa. Begi lilimlemea, kiatu kilimbana, na hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu safari yenyewe.

Tuanze na begi. Kijana akimpita mama yake kwa urefu, kila mtu humtwisha mzigo wa mtu mzima. Lakini katika miaka hii, wasichana wakitangulia na wavulana wakifuata, mifupa ya miguu hurefuka haraka kuliko misuli na kano. Gharama yake huonekana gotini: kile kinundu kilicho chini ya pia ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa muundi, huvimba na kuuma ukikibonyeza, hasa baada ya kushuka mteremko mrefu. Wengine huumia nyuma ya kisigino. Huo si uvivu, na kumwambia "kaza mwendo" kunamwongezea maumivu. Punguza mzigo, mpe fimbo mbili za kutembelea, mwambie ashuke kwa hatua fupi. Goti likiuma hata usiku akiwa amelala, aonwe na daktari kabla ya safari nyingine.

Kwa umri wa miaka 11 hadi 15, begi pamoja na maji lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 42 abebe kilo 4 hadi 6, basi. Lita mbili za maji ni kilo 2, begi tupu kilo moja na ushee, kwa hiyo kinachobaki ni nafasi ya sweta, koti la mvua, chakula cha mchana na tochi. Hema na sufuria vibebwe na wengine. Akifika miaka 16 au 17 na amezoea, asilimia 20 kwa siku mbili tatu inabebeka. Usikisie kwa kunyanyua kwa mkono: apande kwenye mizani akiwa na begi, kisha bila begi, utoe.

Ukubwa wa begi hupimwa kwa mgongo, urefu wa mtu hauna kazi hapa. Mwambie ainamishe kichwa, utafute mfupa unaotokeza mwisho wa shingo. Kisha ashike kiuno, vidole gumba vielekee nyuma juu ya mifupa ya nyonga. Pima kwa futi ya fundi cherehani kutoka kile kifupa hadi usawa wa vidole gumba. Ukipata sentimita 40, begi la mgongo wa 48 halimfai hata likiwa la bure. Wakati wa kuvaa, alegeze kamba zote, afunge kwanza mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, ndipo akaze mabega, kifua mwisho. Mkanda wa kiuno ukifika mwisho na bado unazunguka, mzigo wote utakaa mabegani, na kufika mchana shingo itakuwa imekakamaa. Vizito vikae katikati, vikigusa mgongo, na begi la kulalia chini kabisa. Sufuria inayoning'inia nje humvuta nyuma kila hatua, na kelele zake zinawachosha wote.

Mitumba ndiyo duka letu, iwe Memorial pale Moshi au Gikomba jijini Nairobi, na begi zuri linapatikana ukijua pa kuangalia. Geuza ndani nje: kama rangi ya ndani inanata au inabanduka kama magamba, halitazuia mvua tena. Funga na kufungua kila kifungo mara kadhaa, kisha lijaze nguo na uvute zipu.

Viatu vya mitumba vina hila zaidi. Soli nyingi za viatu vya mlimani zina povu katikati, na povu hilo huoza kwa unyevu na umri hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa nje kinang'aa. Saa ya tatu ya safari soli inaachia kama ulimi. Kabla ya kulipa, bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha: ukiona nyufa au unga, rudisha. Na hata kama umeridhika, weka begini mita mbili za utepe wa tyubu ya baiskeli. Soli ikibanduka, pitisha utepe chini ya kiatu karibu na vidole, uvuke juu, uzungushe nyuma ya kisigino, kaza. Kitakufikisha nyumbani.

Tena, tabia ya kununua namba mbili zaidi ili "atavikulia" ifae viatu vya shule, si vya mlimani. Mguu unateleza ndani, kisigino kinasuguka, malengelenge yanatoka kabla ya saa mbili kwisha. Pima jioni mguu ukiwa umetanuka, akiwa na soksi za safari. Toa kitambaa cha ndani ya kiatu, akanyage juu yake: mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Halafu ashuke ngazi akiwa amekivaa. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi kabla ya kufika chini. Kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Na pima upya kila safari, maana mguu wa kijana unaweza kuongeza namba mbili kwa mwaka.

Mzigo ukishapungua, mwongezee madaraka. Mpe simu yenye ramani iliyopakuliwa, iwekwe hali ya ndege ili chaji ikae, na usiku ilale ndani ya begi la kulalia kwa sababu baridi humaliza betri. Mpe hesabu ya muda: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Longonot, mlima wa volkeno wenye kreta kileleni huko Kenya, inafaa kwa zoezi hili. Kutoka langoni hadi ukingoni mwa kreta ni kama kilomita 3, kuzunguka ukingo ni kilomita 7 hivi, kisha kurudi. Kupanda hadi kilele cha mita 2,776 ni takribani mita 600. Hesabu inatoa saa tatu na nusu na kidogo. Ongeza nusu yake kwa vumbi, picha na mapumziko. Njiani hakuna maji, kwa hiyo lita mbili kwa kila kichwa ni kima cha chini. Yeye ndiye apange saa ya kugeuza, na ikifika mgeuze kweli.

Milima ya Usambara, Tanzania, inafundisha jambo jingine. Kutoka Lushoto kwenda Irente, au siku kadhaa hadi Mtae, vijia vya mashambani vinakatana kila mahali, na kijana mwenye miguu mirefu hutangulia. Sheria iwe moja: kila njia panda anasimama hadi wa mwisho afike. Afungiwe filimbi kwenye kamba ya begi. Mlio wa mara tatu ni kuomba msaada. Kuuliza njia iwe kazi yake, shikamoo kwanza. Jibu la "hapo tu" kutoka kwa mzee anayepandisha gunia la viazi kila wiki linaweza kuwa saa mbili kwenu, kwa hiyo aulize: "Kwa mwendo wa mgeni mwenye mzigo, tutafika saa ngapi?"

Juu zaidi, nguvu za kijana ndizo hatari. Kilimanjaro hairuhusu walio chini ya miaka 10 kwenda kileleni, lakini kutimiza umri hakumkingi na urefu wa mlima. Kwa njia ya Marangu mnalala Mandara, takribani mita 2,720, kisha Horombo, 3,720: mita elfu moja kwa siku. Ushauri wa kawaida ukishavuka mita 3,000 ni kutopandisha kitanda zaidi ya mita 500 kwa usiku, ndiyo maana usiku wa pili Horombo usiukate ili kuokoa fedha. Vijana huficha dalili wasionekane dhaifu, kwa hiyo tazama sahani. Aliyekuwa akimaliza chapati tatu akiacha supu, muulize kichwa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kipo, hapandi siku hiyo. Ikizidi, au akianza kuyumba kama mlevi, anashuka papo hapo, hata kama ni usiku.

Kwa wasichana, pedi ziwepo begini hata kama hedhi haijawahi kuanza, pamoja na mfuko mweusi wa kurudishia zilizotumika, na awepo mama au dada mkubwa anayejua mfuko huo umewekwa wapi.